Vyura, Makolo na Mtani Aliyeingia Kaburini: Historia ya Kuzodoana Kabla ya Mechi

Wiki moja kabla ya Simba na Yanga kukutana, pita Mtwara mjini asubuhi. Anzia sokoni, shuka hadi Shangani, ukipenda panda bodaboda mpaka Mikindani. Habari za mpira wenyewe, nani majeruhi na nani atapangwa, utazisikia kwa mbali. Utakachokisikia zaidi ni "vyura" na "makolo". Muuza chapati anamwambia mteja wake wa kila siku kuwa leo hahudumii mtu wa Jangwani mpaka akaoshe matope. Mteja naye anajibu kuwa chapati zenyewe zimetoboka kama ukuta wa Msimbazi. Watu wanacheka. Chapati inaliwa, hela inalipwa, kila mtu anaenda zake.

Sasa hebu jiulize, msomaji. Kutoka hapo hadi mitaa ya Msimbazi na Jangwani, Kariakoo, ni zaidi ya kilomita 500. Wengi wa wanaozodoana hawajawahi kuikanyaga mitaa hiyo. Hawagawani hata senti ya mapato ya mlangoni. Kwa nini basi mtu wa Mtwara amwite jirani yake chura kwa sababu ya jengo lililo kwenye bonde linalofurika mto Msimbazi ukijaa? Na kwa nini jirani hakasiriki?

Jibu la haraka ni ushabiki. Lakini ushabiki uko dunia nzima, na kwingine watu hupigana kwa maneno madogo kuliko hayo. Jibu ninaloliona mimi ni refu zaidi, na limejificha kwenye neno tulilolizoea mpaka hatulisikii tena. Magazeti na watangazaji wetu huziita timu hizi mbili "watani wa jadi". Watu husema hivyo kama wanavyosema "mabingwa watetezi", maneno ya kujaza sentensi tu. Kumbe utani ni taasisi kamili, yenye sheria zake, na imefanyiwa utafiti tangu enzi za mkoloni.

Mmoja wa watu wa kwanza kuuandikia kwa kina hapa kwetu hakuwa hata mtaalamu wa jamii. Reginald Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege, akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Kazini kwake walikuwepo watu wa makabila mengi, na akaona jambo la ajabu: watu wawili waliotoka sehemu tofauti kabisa, ambao hawajawahi kuonana, walianza kutukanana kwa furaha mara tu walipotajiana kabila. Mmoja angeweza kuchukua kitu cha mwenzake na mwenye kitu asilalamike. Moreau akaanza kuuliza nani ni mtani wa nani, na kwa nini. Matokeo yake yalichapishwa kwenye makala mbili, ya mwaka 1941 na ya mwaka 1944.

Alichokipata, na ambacho watafiti waliomfuata wamekiona pia, ni kwamba utani wa makabila haukuota tu. Mara nyingi ulitokana na moja ya mambo mawili: vita, au safari za misafara ya biashara. Wanyamwezi waliokuja pwani na mizigo walihitaji wenyeji wa kuwapokea na kuwazika wakifa njiani. Wangoni waliopigana na Wahehe kati ya 1878 na 1882, bila upande mmoja kuumaliza mwingine, walihitaji namna ya kuishi baada ya hapo. Ukishindwa kumshinda adui yako, na huwezi kumhama, unafanyaje? Unamgeuza mtani. Vita inabaki, ila inapiganwa kwa mdomo.

Kwetu kusini jambo hili si nadharia. Mwaka 1876 wamisionari wa UMCA walifungua kituo Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Miaka 6 baadaye, 1882, Wangoni walikivamia. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na kwa muda kazi ya misheni ikahamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde unaoutazama mto Ruvuma. Hizo si kumbukumbu za kuchekesha hata kidogo. Lakini Wangoni, kwa kuwa walipigana na karibu kila mtu kusini, walijikuta baadaye na watani karibu kila upande. Mjukuu wa aliyevamia na mjukuu wa aliyevamiwa wakikutana kwenye basi, mmoja anamwambia mwenzake aliteke lile begi kama babu yake alivyoteka mbuzi. Ndani ya mzaha huo kuna damu iliyokauka.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo watu wengi wa mjini wameisahau: msiba.

Mtani hana kazi ya kutania tu. Mtu akifa, mtani ndiye anayekuja kufanya kazi ambazo ndugu, kwa majonzi, hawawezi kuzifanya. Anachimba kaburi, anahangaikia chakula, anasimamia shughuli. Na akiwa katikati ya kazi hiyo anaanza vituko vyake. Anavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Analala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Anazuia jeneza njiani, eti marehemu alikuwa na deni lake la kuku wawili. Waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka, halafu wanalia tena, na hela kidogo inatoka mfukoni kumlipa huyo mkorofi.

Kwa nini yeye? Kwa sababu yuko karibu vya kutosha kuwajibika, na mbali vya kutosha kutozama kwenye huzuni. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika kuwa utani huchanganya urafiki na uhasama kwenye uhusiano mmoja: watu wana sababu za kugombana na sababu za kushikamana, na matusi yanayoruhusiwa ndiyo yanayowezesha vyote viwili kukaa pamoja. Ni maelezo mazuri, ila naona yanaacha kitu. Yanaeleza kwa nini tunatukanana bila kupigana, lakini hayasisitizi vya kutosha ile bili. Haki ya kumtukana mtu hai inalipwa kwa wajibu wa kumzika akifa. Ukiitaka moja, unaichukua na nyingine.

Na si kila mtu alikuwa ndani ya mkataba huo. Hapa tunapaswa kuwa wakweli. Katika enzi za mashamba ya mkonge, Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kazi Lindi, Mikindani na hata Tanga. Wenyeji waliwaita "Wamawia". Hilo halikuwa jina lao wenyewe, walipewa, na lilibeba picha ya watu wakali, wa porini, wenye chale usoni na meno yaliyochongwa. Aliyeitwa hivyo hakuwa na jina la kumrudishia mwenzake lenye uzito uleule. Alikuwa mgeni, kibarua, mara nyingi bila ndugu karibu. Kicheko kilikuwepo, lakini kilienda upande mmoja. Huo haukuwa utani, hata kama aliyekuwa anacheka aliuita hivyo. Nakuomba ulishike jambo hili, tutalirudia.

Wamakonde wenyewe, pande zote mbili za mto, walikuwa mabingwa wa kuzodoa kwa njia nyingine. Wacheza mapiko, wale wanaovaa vinyago vya kichwa kizima, waliwaigiza watu wa kila aina: mgeni mwenye majivuno, ofisa wa kikoloni, kikongwe. Paolo Israel, aliyeandika kitabu kizima juu ya mapiko ya Msumbiji, anaonyesha jinsi vikundi vilivyoshindana kwa mitindo mipya, kila kimoja kikitaka kukifunika kingine. Lakini mapiko yanastahili makala yake peke yake. Kwa leo tunahitaji mashindano ya aina nyingine, yaliyovuka makabila: beni.

Beni ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kwenye miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa. Jina linatokana na bendi. Vijana waliona bendi za kijeshi za Wazungu, wakachukua tarumbeta, gwaride, sare na vyeo, wakatengeneza ngoma yao. Vyama vilikuwa na wafalme, majenerali na makapteni. Tanganyika ikaja kugawanyika kati ya vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Kwa kawaida Marini walijiona wastaarabu, watu wa mjini hasa, na Arinoti wakachukua sifa ya ukorofi na kukusanya watu wa bara na wenye kipato kidogo. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeufuatilia mchezo huu kwenye kitabu chake cha 1975, anaeleza jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyoisambaza beni kwenye kambi za askari na wapagazi wa pande zote mbili. Kusini vita hiyo iliacha makovu: mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, yalikuwa kati ya makali kuliko yote Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani likavuka Ruvuma. Askari na wapagazi waliobaki hai walirudi makwao na viungo vilivyochoka, na nyimbo za beni.

Sikukuu ikifika, vyama viwili vilikutana. Kila upande ulitaka sare safi zaidi, karamu kubwa zaidi, na hasa nyimbo kali zaidi. Nyimbo zilimtaja mpinzani: ufukara wake, deni lake, aibu aliyodhani imefichika. Watu walifilisika kwa ajili ya kumzodoa mwenzao vizuri. Serikali ya kikoloni ilikodoa macho, ikihofia kuwa nyuma ya sare na vyeo vile kuna uasi unaopikwa. Zaidi ya yote, walikuwa wanapika pilau.

Ona sasa jambo la maana kwa swali letu. Marini na Arinoti hawakuwa wa mji mmoja. Ungeweza kutoka mji wa pwani ukafika mji wa bara usiomjua mtu, ukauliza Marini wako wapi, ukapata pa kulala. Na palepale ukapata pia mpinzani, aliye tayari kukucheka kabla hujatua mzigo. Chama kilikupa ndugu na mtani kwa mpigo. Kilisaidiana kwenye ugonjwa na maziko. Mtu aliyeng'olewa kwao na kazi za mkoloni alipata kwa beni kile ambacho kijijini angekipata kwa ukoo.

Mpira ulikuwa umeshaingia kwa mlango mwingine. Kwenye shule ya UMCA ya Kiungani, Zanzibar, ulichezwa tangu karne ya 19, na walimu wengi wa misheni za kusini walipitia Kiungani. Lakini mpira wa kushabikia, wa mji kugawanyika, ulikuja Dar es Salaam miaka ya 1930. Young Africans, Yanga yetu, inahesabu mwaka wake wa kuzaliwa kuwa 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa timu iliyoitwa Queens, baadaye Eagles, baadaye Sunderland, na tangu 1971, Simba. Sitaki kusema kuwa Simba na Yanga ni Marini na Arinoti waliovaa njumu, hiyo ingekuwa kurahisisha mno. Ninachosema ni kwamba zilikuta mji uliokwisha zoea kugawanyika mara mbili, kutambiana hadharani, kisha kuchangiana msiba. Kiatu kilishakuwepo, mguu ukaingia.

Na zikasambaa kama beni ilivyosambaa. Nenda Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, au kwenye kivuko cha Kilambo ambako watu wanasubiri kuvuka kwenda Msumbiji. Utakuta bendera ya kijani na njano, na hatua chache mbele bendera nyekundu na nyeupe. Mwalimu mpya aliyehamishiwa huko kutoka Kagera, siku ya pili tu ataulizwa: wewe wa wapi? Hawaulizi mkoa. Akishajibu, amepata ndugu nusu ya kijiji na watani nusu iliyobaki. Hilo ndilo jibu langu la swali la chapati. Mtwara haibishanii Kariakoo. Inatumia Kariakoo kupanga nani atamtania nani.

Historia ya matokeo nayo ni ghala la silaha. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5-0. Mwaka 1977 Simba ikalipa kwa 6-0, na ukikutana na mzee wa Simba hata leo atakutajia sita hizo kabla ya kukutajia majina ya wajukuu zake. Mei 2012 Simba tena, 5-0. Novemba 5, 2023, Yanga 5-1, na kwa miezi kadhaa baadaye mtu wa Yanga hakuhitaji kusema neno, alinyoosha vidole vitano tu akiwa upande wa pili wa barabara. Angalia lakini: deni halifungwi. Kila upande una kipigo cha kukumbushwa. Watani wanahitaji kulingana, vinginevyo mchezo unakufa, au unageuka ule wa "Wamawia".

Tulirudie sasa hilo.

Siku hizi sehemu kubwa ya kuzodoana imehamia kwenye simu. Picha zinachongwa, sauti zinarushwa kwenye makundi, na anayerusha mara nyingi hamjui anayepokea. Wanasaikolojia wamechunguza kitu kinachofanana na hiki. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake, Marekani, waliwapa watu kazi ya kutuma ujumbe wa kejeli na ujumbe wa kawaida, wengine kwa maandishi na wengine kwa sauti. Watumaji walikuwa na uhakika kuwa wangeeleweka kwa njia zote mbili. Kwa sauti walieleweka vizuri kiasi. Kwa maandishi, wapokeaji walibahatisha karibu kama mtu anayerusha sarafu. Mwaka uliofuata Kruger na wenzake wengine wakaonyesha kuwa anayetania huuona utani wake mwepesi kuliko anavyouona anayetaniwa, kwa sababu nia njema anaijua yeye peke yake, imo kichwani mwake.

Utani wa zamani ulikuwa na dawa ya tatizo hilo. Nia haikuhitaji kukisiwa, ilishatangazwa na uhusiano wenyewe. Mngoni hakuhitaji kuweka alama ya kicheko mwisho wa sentensi. Muuza chapati naye hahitaji: mteja anamwona uso, na anajua kesho atakopeshwa. Kwenye kundi la watu 250, nusu yao wasiofahamiana, hakuna uso na hakuna kesho. Ndiyo maana neno lilelile lililochekesha sokoni linaleta ugomvi kwenye simu, na ndiyo maana, wiki ya dabi, mzaha unaweza kuteleza kutoka kwa timu kwenda kwa mama wa mtu, kabila lake, rangi yake au ulemavu wake. Wazee wa utani nao walitukana mama wa mtu, tena sana. Tofauti ni kwamba wangekuja kumzika.

Bado yapo matawi ya mashabiki, Mtwara na kwingineko, yenye daftari la michango. Mwenzao akifiwa, wanachangishana, na watani wa upande wa pili wanakuja na jezi zao. Ukiona mtu amevaa nyekundu anabeba viti kwenye msiba wa mtu wa njano, huku akilalamika kwa sauti kuwa marehemu amekimbia dabi kwa woga, usimshangae. Yuko kazini.

Kusini iliwahi kupata dabi yake pia. Ndanda FC, "Ndanda Kuchele", yaani kumekucha, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kuutumia uwanja wa Nangwanda Sijaona. Namungo ya Ruangwa, Lindi, ikapanda msimu wa 2019/20. Mtwara na Lindi zikawa na timu kwenye ligi moja, na watu wakaanza kuchokozana juu ya korosho za nani ni bora na bandari ya nani inalala. Namungo ikafika hadi fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1. Msimu huohuo Ndanda ikashuka daraja. Sasa Kuchele kukageuzwa neno la kuulizia: kumekucha au kumekuchwa? Watu wa Ruangwa waliuliza swali hilo kwa wiki chache, kisha wakanyamaza. Hakukuwa tena na mechi ya kujibia.